Jibu: Balbu ya pili haipati mkondo pungufu

Ndugu, umeuliza kwa nini balbu mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja zinawaka hafifu, na kama ile ya kwanza "inakula" mkondo wa umeme kabla haujafika kwa ya pili. Hapana, hauliwi hata chembe. Fikiria mnyororo wa baiskeli: ukikanyaga pedeli, mnyororo wote unasogea kwa pamoja. Elektroni, yaani chembe ndogo mno zinazobeba umeme, nazo tayari zimejaa kwenye waya mzima, ndiyo maana balbu inawaka papo hapo ingawa elektroni zenyewe hujikokota, mara nyingi chini ya milimita 1 kwa sekunde.

Kinachopungua ni mkondo wa saketi nzima (njia yote ya umeme kutoka betri hadi kurudi kwenye betri). Tuseme betri ni ya volti 6 na kila balbu ina ukinzani (kiasi inachozuia mkondo) wa omu 6. Balbu moja peke yake itapitisha ampea 1. Ukiongeza ya pili, ukinzani unafika omu 12, na mkondo unashuka hadi ampea 0.5 kila mahali: kabla ya balbu, katikati na baada yake. Kinachogawanywa ni volti, yaani msukumo wa betri: 3 kwa kila balbu.

Usiniamini tu, pima! Kata waya sehemu hizo tatu, moja baada ya nyingine, uingize ameta, kifaa cha kupimia mkondo. Usomaji utakuwa uleule. Ila tafadhali, usiunganishe ameta moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri. Ukinzani wake ni mdogo mno, utaiunguza.