Sijatajirika, nimekopa

Shangazi, hongera zako za nyumba tuliyonunua huku Chelmsford, karibu na Boston, Marekani, nimezipokea, Mungu akubariki. Mpwa wangu uliyeingia Lowell, mji jirani, juzi juzi na kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, ujumbe wako pia nimeusoma: unataka nyumba kabla mwaka haujaisha, kwa sababu umeambiwa kupanga ni kutupa pesa. Na wewe kaka, uliyeandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba "kumbe pesa zipo, ila sisi tunazungushwa tu", nakujibu wewe kwanza. Umenichoma, na sitaki kulala na donge.

Ile picha ya mimi na mke wangu mlangoni, funguo mkononi, aliipiga ajenti ili ajitangaze. Nyie mkaona bei, mkazidisha kwa shilingi 129, mkapata zaidi ya milioni 65. Hesabu yenu ni safi. Ila katika kundi zima hakuna hata mmoja aliyeuliza hizo pesa ni za nani.

Ni za benki. Shangazi atanielewa haraka kuliko wote, maana nyumba yake ya Kisauni, Mombasa, ni nyumba bila ardhi. Kuta ni zake, mabati ni yake, mlango kauchagua mwenyewe, lakini mwenye kiwanja ni mwingine na kila mwezi anataka chake. Siku asipokipata, kuta hazimtetei mtu. Hivyo ndivyo nilivyo mimi na benki, kwa miaka 30. Chukueni mkopo wa dola 500,000 kwa riba ya asilimia 6.5. Malipo ya mwezi yanakuja kama dola 3,160. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, dola 2,708 zinamezwa na riba, na deni lenyewe linapungua kwa dola 452. Juu ya hapo kuna kodi ya mji, ambayo kwa nyumba ya bei hiyo huku Chelmsford ni zaidi ya dola 500 kwa mwezi. Kuna bima ya nyumba. Kuna bima nyingine inayomlinda mkopeshaji nisipolipa, naye anayeilipia ni mimi, kwa kuwa sikuweza kuweka asilimia 20 mwanzoni. Halafu mafuta ya kupasha nyumba joto: tangi la galoni 275 liko kule chini, na Januari halikawii kukauka.

Kaka, ukishamaliza kujumlisha, nionyeshe zilipo.

Sasa wewe mpwa wangu. Usinunue mwaka huu. Una kazi mbili za kutunza wazee, moja ya mchana na moja ya usiku, na unadhani benki itazijumlisha. Haitazijumlisha. Kazi ya pili na saa za ziada kwa kawaida huhesabiwa ukiwa umezifanya miaka miwili mfululizo, na zionekane kwenye fomu za kodi ya mapato ulizowasilisha. Wewe hata baridi yako ya kwanza hujaimaliza. Alama zako za mkopo, zile zinazoonyesha unavyolipa madeni, bado changa. Huku hazifanani na CRB ya kwetu Kenya, ile ofisi ya kumbukumbu za mikopo, ambayo wengi wetu tunaikumbuka tukishindwa kulipa tu; huku hata kutokukopa kunakuharibia. Chukua kadi moja ndogo ya mkopo, inunulie petroli, ilipe yote kila mwezi. Ukifika alama 580, kuna mikopo inayodhaminiwa na serikali, ile ya FHA, inayotaka asilimia 3.5 tu ya kuanzia. Lakini ongeza gharama za kufunga mauzo, za mwanasheria, bima ya hati na kodi ya mji ya kulipwa mapema, zinazofika asilimia 2 hadi 5 ya bei. Hizo hawakutajii kwenye matangazo.

Na yule rafiki yako mwenye kibali cha kazi peke yake mwambie mapema asihangaike na mkopo huo: tangu tarehe 25 Mei 2025 FHA inawakubali raia na wenye ukaazi wa kudumu tu. Aulize mikopo ya kawaida, ajiandae kuweka kianzio kikubwa zaidi.

Lakini usije ukakaa miaka kumi ukingoja riba irudi ilipokuwa mwaka 2021, chini ya asilimia 3. Wengi wanangoja hivyo, na kodi ya nyumba inapanda wakiwa wanangoja. Kwa hiyo nunua. Ila si mwaka huu. Umenielewa?

Vitongoji hivi vya Boston vina kichaa chake. Chelmsford, Tewksbury, Billerica, kote ni kule kule. Waliokopa kwa asilimia 3 hawatoki, maana wakiuza watakopa upya kwa 6 na zaidi. Miji yenyewe kwa miaka mingi imekataza kujenga nyumba zilizosongamana, ikitaka kila nyumba na uwanja wake. Watu wanaongezeka, nyumba hazifuati. Nyumba inatangazwa Alhamisi, Jumamosi na Jumapili watu wanapanga foleni kuiangalia wakiwa wamevua viatu mlangoni, na Jumatatu jioni ofa zote ziwe mezani. Bei iliyoandikwa ni chambo. Wewe ukiwa na uwezo wa 520,000, usiangalie nyumba iliyotangazwa kwa 520,000. Angalia ya 470,000, kwa sababu ndiyo itakayouzwa 520,000. Angalia pia zile zilizokaa wiki tatu bila mtu, na zile za Desemba wakati wenyeji wako kwenye sikukuu zao. Mara nyingi tatizo lake ni picha mbaya au zulia la rangi ya ajabu.

Kuna mtego mmoja uushike vizuri. Katika kushindana utashawishika kutaja 560,000. Benki itamtuma mthamini wake, naye anaweza kusema nyumba ina thamani ya 525,000. Benki inakopesha kwa thamani ya mthamini. Zile 35,000 zilizobaki zinatoka mfukoni mwako, taslimu. Ajenti atakuomba uandike kwenye ofa kwamba utaziba pengo hilo lolote litakalokuwa. Usiandike "lolote". Andika kiasi, kwa tarakimu, na kiwe kiasi ulichonacho kweli.

Kuhusu maajenti: tangu Agosti 2024 wengi wao watakutaka utie saini mkataba kabla ya kukuonyesha nyumba. Soma ada yake, na soma mkataba unadumu muda gani. Miezi mitatu inatosha. Usimchukue mtu kwa sababu tu mlikutana kanisani naye anapika pilau nzuri. Mimi nilimchukua wa kwetu, na alikuwa bora kuliko wote, kwa hiyo hapa sijui nikushauri nini zaidi ya kusoma mkataba.

Tuje kwenye pesa za nyumbani, maana hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Afisa wa mikopo, mama mmoja mpole, alichapisha taarifa zangu za benki za miezi miwili akazitandaza mezani. Kila mahali nilipotuma pesa Kenya alikuwa amepitisha kalamu ya rangi ya waridi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa waridi juu hadi chini. Akaniuliza kwa heshima zote: huyu anayepata kila tarehe 3 ni nani? Ni mtoto wako? Kuna amri ya mahakama? Nikasema ni shangazi yangu. Na huyu? Karo ya mtoto wa ndugu. Na hawa watano wa wiki moja? Msiba. Akatikisa kichwa, akaandika, kisha akanieleza kwamba wakubwa wake wataona kama nina deni ambalo sijalitaja. Alitaka barua. Niandike kwamba pesa hizo nazituma kwa hiari, hazinifungi kisheria, na ninaweza kuacha wakati wowote.

Niliiandika. Shangazi, mtoto uliyemlisha na kumsomesha kwa mahamri uliyokaanga kabla ya adhana ya alfajiri, alikaa kwenye kiti cha ngozi akaandika kwa Kiingereza kwamba kukutunza ni hiari na anaweza kuacha wakati wowote. Nikatia saini, nikaweka tarehe. Barua hiyo iko kwenye faili la mkopo pamoja na nakala ya pasipoti yangu.

Mpwa wangu, jifunze hapo. Kama unatuma nyumbani, tuma mara moja kwa mwezi, kiasi kimoja, kwa mtu mmoja atakayewagawia wengine. Benki haiogopi ukarimu, inaogopa fujo. Pesa ya chama, ile ya kuchangiana kwa zamu, usiiingize kwenye akaunti kwa mkupuo ukiwa karibu kuomba mkopo. Watakuuliza dola 9,000 zimetoka wapi, nawe utaanza kuwaeleza mzunguko wa akina mama wa Lowell, na hakuna karatasi inayothibitisha. Iingie mapema, angalau miezi miwili kabla ya kuomba, ikae. Ukipewa na ndugu, atie saini barua kwamba ni zawadi isiyodaiwa. Na kama kweli ni deni, usimtie uongo kinywani. Huo ni udanganyifu wa mkopo, na kadi yako ya kijani haitaki mchezo huo. Tangu uombe mkopo mpaka siku ya funguo usinunue gari, usibadilishe kazi, usichukue hata kochi kwa mkopo. Wanakuchungulia tena mwishoni.

Na nyie wengine, nasema mbele ya wote ili nisiulizwe mmoja mmoja. Nimepunguza. Shangazi atapata chake kamili, tarehe 3, kama siku zote. Karo za watoto wawili nitalipa. Michango ya harusi, hapana. Ploti ya Mariakani mnayosema inauzwa rahisi, hapana. Msiba, tutaona, na mkiniona nimetoa kidogo msisome ubahili. Najua mtasema Marekani imenibadilisha. Semeni. Usiku kazini, ninapomgeuza mzee wa kilo 90 kitandani ili asipate vidonda, huwa nawajibu moja baada ya moja, na nyote mnashindwa.

Nirudi kwenye nyumba, hasira imepungua.

Ukienda kuangalia, usianzie jikoni. Jiko limepakwa rangi ili wewe ulipende. Shuka kwanza besimenti, kile chumba cha chini ya ardhi. Simama, nusa. Kama kuna mashine ya kukausha hewa inanguruma na rangi ya ukutani ni mbichi, jiulize kwa nini wamepaka ukuta ambao hakuna anayeuangalia. Kwenye nyumba moja Dracut niliona unga mweupe umechomoza kwenye saruji, kimo cha goti, ukuta mzima. Mtoto aliyekulia Mji wa Kale, Mombasa, hahitaji mkaguzi kumwambia hiyo ni chumvi na kwamba maji yanapita humo. Mke wangu alikuwa juu anapima dirisha kwa ajili ya mapazia. Tuliondoka.

Zamani watu walikuwa wanaacha ukaguzi ili washinde. Sisi tulipoteza nyumba ya Tewksbury kwa mtu aliyefanya hivyo. Tangu tarehe 15 Oktoba 2025, jimbo letu la Massachusetts limewakataza wauzaji kuweka sharti la kuacha ukaguzi au kupokea ofa ambayo mnunuzi amejinyima ukaguzi tangu mwanzo. Tumia haki hiyo. Mlipe mkaguzi wako mwenyewe, umfuate kila anapopita, umuulize maswali ya kijinga. Paa lina umri gani? Nyaya ni za zamani? Tangi la mafuta limezikwa uani?

Na mbona ung'ang'anie kitongoji? Ungenisikiliza ungenunua nyumba ya familia mbili au tatu hapo hapo Lowell, zile ndefu za mbao. Mkopo wa FHA unaruhusu jengo lenye hadi makazi manne mradi wewe uishi kwenye mojawapo. Wapangaji wakusaidie kulipa. Ila nyingi zimejengwa kabla ya 1978, kwa hiyo rangi yake huenda ina risasi, yale madini yenye sumu, na sheria ya jimbo hili inataka risasi iondolewe au ifunikwe kitaalamu pale anapoishi mtoto wa chini ya miaka 6. Wewe una mmoja. Piga hesabu hiyo kabla ya ofa. Uliza pia kuhusu ONE Mortgage, mkopo wa jimbo kwa wanaonunua nyumba mara ya kwanza wenye kipato cha kawaida: kianzio kuanzia asilimia 3, bila ile bima ya mkopeshaji. Lazima uhudhurie darasa la wanunuzi. Hudhuria. Utachoka, utasinzia, lakini hudhuria.

Mimi nilikwenda kitongojini kwa ajili ya shule za watoto, na ningekuwa na moyo wa kuwa mwenye nyumba wa watu nisingekwenda. Kumdai mpangaji kodi usiku wa theluji kunataka roho nyingine.

Umeniomba pia nitie saini pamoja nawe kwenye mkopo, niwe mdhamini. Hapana. Ukishindwa, benki inanijia mimi, na watoto wangu hawana shangazi wa mahamri. Usikasirike. Chumba cha juu kiko wazi, kina joto, na basi la kwenda kazini kwako liko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Njooni mkae mwaka mmoja na nusu bila kodi, kila mwezi uniletee karatasi ya benki nione akiba. Umeme tutagawana, na mkeo asiguse kile kidude cha joto ukutani. Kikae 66 za Fahrenheit, mchana na usiku.