Ukipewa kuigiza mwanamke, sauti iache

Nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wavulana watupu, nilipewa nafasi ya Portia, yule mwanamke katika Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Sifa yangu ilikuwa moja: ndevu zilikuwa hazijaota. Nikabana sauti, nikatikisa kiuno, nikarembua macho. Wenzangu wakavunjika mbavu, nami nikadhani nimeweza.

Mama mmoja mpishi wa shule alikuwa akitazama mazoezi mlangoni. Akaniuliza, "Mwanangu, kwenu nani anaongea hivyo?" Nikamfikiria mama, shangazi, dada zangu. Hakuna.

"Basi njoo jikoni."

Siku tatu nilikaa juu ya gunia la maharage nikimtazama. Kila akitaka kushika mwiko, mkono wa kushoto ulipita kiunoni kukaza kanga, wala haangalii. Hapo ndipo pa kuanzia, kijana: mtafute mtu mmoja unayemjua, chukua jambo lake moja dogo. Ukiigiza "wanawake" kwa jumla utaambulia kichekesho.

Wala usione haya. Portia mwenyewe aliandikiwa mvulana, maana majukwaa ya London hayakuwa na waigizaji wa kike hadi 1660. Mwaka huohuo Mwingereza mmoja, Samuel Pepys, alimwona mwigizaji wa kiume, Edward Kynaston, katika nafasi ya mwanamke, akaandika katika shajara yake kwamba hajapata kuona bibi mzuri kama yule, ila sauti tu ndiyo haikuwa nzuri sana. Sauti! Hata yeye. Kule Japani, kabuki, sanaa yao ya jadi ya maigizo, ilianzishwa na mwanamke, Okuni, lakini wanawake wakapigwa marufuku 1629. Baadaye mwanamume bingwa wa nafasi za kike, Yoshizawa Ayame, akafundisha kwamba mwigizaji wa aina hiyo aishi kike hata nje ya jukwaa. Mimi sikufika huko. Nilikuwa na zamu ya kupasua kuni.

Mtego mkubwa ni mahakamani, Portia anapojifanya mwanasheria wa kiume. Katika mazoezi nilijiachia, si mimi mvulana tayari? Portia akapotea kabisa. Usiku wa onyesho nikavaa joho, nikasogea mbele kuomba huruma, na kabla sijafungua kinywa mkono wa kushoto ukapita kiunoni kukaza kanga ambayo haikuwepo. Ukumbi kimya. Mlangoni, mtu mmoja tu akacheka.