Maswali Yenu: Kuunganisha Programu za Biashara kwa Huduma za Wavuti

SWALI: Ndugu wahariri, tuna programu tatu: ya mauzo, ya stoo na ya uhasibu. Kila jioni mfanyakazi hutoa faili kwenye moja na kuiingiza kwenye nyingine. Tumeshauriwa kutumia huduma za wavuti. Zina nini ambacho faili haina?

JIBU: Zina jibu la papo hapo. Huduma ya wavuti ni anwani ambayo programu moja huiweka mtandaoni ili programu nyingine iulize au iagize jambo, kwa itifaki ileile ya HTTP inayotumiwa na kivinjari chako. Programu ya mauzo ikituma ombi GET /bidhaa/4471/akiba, ile ya stoo hujibu kwa maandishi mafupi ya JSON, yaani muundo wa data wenye jina la kila kitu na thamani yake: {"bidhaa": "4471", "iliyopo": 12, "iliyoahidiwa": 3}. Muuzaji anajua zimebaki tisa za kuuza sasa hivi, wala si kwa hesabu ya jana jioni.

Faida kubwa zaidi huonekana baadaye. Programu ya stoo inaweza kuandikwa upya kwa lugha nyingine na hifadhidata nyingine. Maadamu anwani na umbo la jibu havijabadilika, mauzo hayaguswi. Ndiyo maana tunakusihi usikubali njia ya mkato ya kuiacha programu ya mauzo isome hifadhidata ya stoo moja kwa moja. Siku fundi atakapobadilisha jina la safu moja tu, mauzo yatasimama. Tena, kanuni kama "usihesabu mzigo ulioharibika" mara nyingi zimo ndani ya programu, hazimo kwenye majedwali. Anayesoma majedwali anazikosa.

Msiunganishe zote kwa mpigo. Anzeni na stoo, kwa sababu hapo ndipo mnapouza kitu ambacho hakipo. Uhasibu unaweza kuendelea na faili ya jioni kama hakuna mtu anayeitegemea kuamua jambo mchana.

SWALI: Tuchague SOAP au REST?

JIBU: Kwa mfumo mpya, REST, yaani mtindo wa kutumia anwani na amri za kawaida za HTTP kama ile GET ya hapo juu, pamoja na JSON. Mtindo huo ulielezwa na Roy Fielding katika tasnifu yake ya mwaka 2000, na leo karibu kila lugha ya programu ina zana zake. SOAP, ambayo toleo lake la 1.2 liliidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2003, hufunga ujumbe ndani ya bahasha ya XML, yaani maandishi yenye alama maalumu za kufungua na kufunga kila sehemu, na bado utaikuta kwenye mifumo mingi ya zamani ya mabenki na bima. Mwenzako akiwa na SOAP tu, mwombe faili la WSDL, linaloeleza huduma yake na maumbo ya ujumbe, kisha acha zana izalishe msimbo wa programu kutoka humo. Usiunde XML kwa kuunganisha vipande vya maneno kwa mkono: jina la kampuni lenye alama ya & linatosha kuangusha ujumbe mzima.

SWALI: Programu yetu hutuma oda kwenye mfumo wa msambazaji. Ikikosa jibu ndani ya sekunde 30, inatuma tena. Mara kwa mara oda moja inafika mara mbili, na msambazaji anasema kosa ni letu. Je, ni kweli?

JIBU: Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na tunalijibu kwa kirefu kwa kuwa ndilo kosa linalogharimu biashara kuliko yote kwenye kazi hii.

Muda wa kusubiri ukiisha, unachojua ni kwamba hukupata jibu. Huenda ombi halikufika. Huenda limefika na bado linashughulikiwa. Huenda oda imekwisha kuandikwa na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukiwa upande wako huwezi kuyatofautisha hayo matatu. Katika HTTP, ombi la GET (kusoma), PUT (kuweka au kubadilisha) au DELETE (kufuta) linatakiwa liweze kurudiwa bila kuongeza athari. POST, ambayo kwa kawaida ndiyo inayounda oda, haina dhamana hiyo.

Dawa yake ni kitambulisho cha ombi. Oda inapothibitishwa, tengeneza UUID moja, yaani kitambulisho kirefu cha kubahatisha kisichojirudia, iandike kwenye hifadhidata yako kabla ya kutuma chochote, kisha itume ileile kila unapojaribu tena. Msambazaji huhifadhi kitambulisho hicho pamoja na jibu alilotoa. Kikirudi, anarudisha jibu la mwanzo bila kuunda oda nyingine.

Pande zote mbili hukosea hapa. Upande wako, waandishi wa programu huweka utengenezaji wa UUID ndani ya kitanzi cha kujaribu tena, hivyo kila jaribio linakuja na kitambulisho kipya na kinga yote imepotea. Upande wa msambazaji, programu huangalia kwanza kama kitambulisho kipo, halafu ndipo inakiandika. Maombi mawili yakiingia kwa wakati mmoja, yote yanakuta hakipo. Kinachozuia hilo ni sharti la upekee kwenye hifadhidata yenyewe, linalokataa kitambulisho kilekile kuandikwa mara ya pili. Kama msambazaji hana huduma hiyo, tuma namba yako ya oda kama rejea, uulize kwa rejea hiyo kabla ya kutuma tena, na umwombe akatae rejea iliyorudiwa kwa jibu la 409, namba ya HTTP yenye maana ya mgongano. Kuuliza peke yake hakutoshi, maana ombi la kwanza linaweza kuwa bado linashughulikiwa unapouliza.

Kisha chagueni cha kurudia. Jibu la 429 (maombi yamezidi), 502, 503 au 504 (seva au njia yake ina hitilafu), pamoja na ukimya, hurudiwa. Jibu la 400, 401, 403 au 422 halirudiwi, kwa kuwa ombi lenyewe, au ruhusa yake, ndiyo yenye kasoro. Kulirudia mara mia hakutalitengeneza. Subiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, ukiongeza kila mara sehemu ya sekunde ya kubahatisha, la sivyo seva ikiamka baada ya hitilafu wateja wake wote wataivamia kwa pamoja na kuiangusha tena. Jibu likiwa na kichwa (mstari wa maelezo unaotangulia ujumbe) cha Retry-After, kinachosema usubiri muda gani, kifuate. Baada ya majaribio matano, weka oda kwenye orodha ya kukaguliwa na mtu.

Hongereni kwa kuwa na ukomo wa sekunde 30. Maktaba kadhaa za programu, yaani vipande vilivyokwisha kuandikwa vya kutuma maombi, hazina ukomo wowote usipouweka mwenyewe; requests ya lugha ya Python ni mojawapo, na programu inaweza kuganda ikisubiri seva iliyokufa.

SWALI: Tunauliza mfumo wa malipo kila dakika kama ankara imelipwa. Kuna njia bora?

JIBU: Ipo. Hayo ni maombi 1,440 kwa siku kwa kila ankara. Andikisha anwani yako kwao ili wao ndio wakuite malipo yakiingia. Mafundi huiita webuhuki (webhook). Kagua saini ya kila ujumbe, ambayo mara nyingi ni HMAC-SHA256, yaani alama inayokokotolewa kwa ujumbe na siri mnayoijua ninyi wawili tu, juu ya baiti zilezile zilizofika. Ukiifungua JSON na kuiandika upya, nafasi na mpangilio hubadilika na saini sahihi inaonekana ya uongo. Weka ujumbe kwenye foleni, jibu 200 (nimepokea) mara moja, kazi yenyewe ifanyike baadaye. Tarajia ujumbe mmoja kufika mara mbili, au wa pili kutangulia wa kwanza, kwa hiyo hifadhi namba ya kila tukio. Ule ukaguzi wa kuuliza usiufute kabisa. Ubakize mara moja kwa saa, uokote kilichopotea.

SWALI: Mifumo yetu imeunganishwa vizuri, lakini hesabu za mwisho wa mwezi hutofautiana kidogo. Tatizo liko wapi?

JIBU: Angalia sehemu mbili. Ya kwanza ni desimali. Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za kawaida za desimali inapata 0.30000000000000004. Tuma fedha kama namba kamili ya kipimo kidogo kabisa cha sarafu, pamoja na msimbo wa sarafu, ukikumbuka kwamba yeni ya Japani haina desimali na dinari ya Kuwait ina tatu.

Ya pili ni saa. Mauzo ya 2024-03-01T00:30:00+03:00 ni yaleyale ya 2024-02-29T21:30:00Z (Z ni UTC, saa ya kimataifa ya marejeo; +03:00 ni saa tatu mbele yake). Mfumo mmoja unayaweka Machi, mwingine Februari, na yote miwili inaona iko sahihi. Tumeni wakati kwa UTC, kisha mkubaliane kwa maandishi ni saa za wapi zinazofunga mwezi.

SWALI: Ufunguo wa API, ile siri inayoturuhusu kutumia huduma ya mwenzetu, tuuweke wapi?

JIBU: Kwenye seva yenu, nje ya msimbo wa programu. Ukiwekwa ndani ya programu ya simu, yeyote aliyeipakua anaweza kuuchomoa. Ukiwekwa kwenye anwani ya ombi, utabaki kwenye kumbukumbu za kila seva unakopita, kwa hiyo upitishe kwenye kichwa cha Authorization. Ombeni funguo mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, ili mweze kubadilisha moja bila kusimamisha mauzo.