Kukaza msuli kunahitaji nishati. Mbona maiti hukakamaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba msuli hauwezi kukaza bila nishati. Maiti hali wala hapumui, mbona basi viungo vyake hukakamaa? Na je, nyuzi za msuli hujikunja kama mpira uliovutwa ukaachiwa?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na hilo la pili, maana jibu la kwanza limefichwa humo. Hazijikunji. Uzi mmoja wa msuli ni seli moja ndefu yenye viini vingi, upana wake maikromita 10 hadi 100. Ndani umesheheni vijiuzi vilivyolala sambamba, na kila kijiuzi kina pingili kama mwanzi. Pingili hiyo huitwa sakomea. Msuli ukitulia, urefu wa sakomea moja ni maikromita 2 na ushei. Protini ya aktini, nyembamba, imeshikizwa kwenye kuta za pande mbili. Miosini, nene, imekaa katikati. Msuli ukikaza, aktini huteleza kando ya miosini na kuta zikasogeleana. Aktini na miosini zenyewe hubaki na urefu uleule. Hayo yalitangazwa mwaka 1954 na makundi mawili ya watafiti: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, kisha Hugh Huxley na Jean Hanson.

Kinachovuta ni vichwa vya miosini. Neva ikitoa amri, kalsiamu hutoka kwenye vifuko vinavyozunguka kijiuzi, ikanasa kwenye troponini, protini iliyo juu ya aktini, na protini nyingine iliyofunika aktini, tropomiosini, ikasogea pembeni. Kichwa hushika, huvuta nanomita chache, kisha hukwama palepale mpaka molekuli mpya ya ATP, ile inayobeba nishati ndani ya seli, ije kukibandua. Hapa ndipo wengi wanapopotea: ATP inahitajika hata kuachia, na inahitajika tena kurudisha kalsiamu ghalani.

Mtu akifa, ATP huisha, kalsiamu huvuja, vichwa hushika na hakuna cha kuvibandua. Ndiyo maana kiungo hukakamaa katika mkao uleule kilioachwa nao. Kwa kawaida hali hiyo huonekana saa 2 hadi 6 baada ya kifo, kwanza kwenye kope na taya, na hufikia kilele karibu na saa ya 12. Baada ya siku moja au mbili mwili hulegea, si kwa sababu vichwa vimeachia, bali vimeng'enya vimeanza kumeng'enya protini zenyewe. Joto huharakisha yote haya, baridi huchelewesha. Aliyefariki akiwa katika kazi nzito hukakamaa mapema zaidi, kwa kuwa akiba yake ya ATP na glikojeni (sukari iliyohifadhiwa msulini) ilikwishapungua.