Maswali ya Wasomaji: Figo na keki ya ndizi

SWALI: Mama yangu figo zipo hatua ya 3, hajaanza kusafishwa damu. Kisukari hana. Potasiamu imepimwa 5.6, na fosfeti nayo imepanda. Sukari nimemkatia kabisa, ila jioni tunamwachia keki ya ndizi za Tukuyu na chai. Je, tupo sawa?
Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Mmekataza kisichosumbua. Sukari haina potasiamu wala fosfeti, madini ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa vizuri. Ndizi moja ya wastani ina takriban miligramu 420 za potasiamu. Keki ya ndizi tatu ikikatwa vipande 8, kila kipande kimebeba zaidi ya 150 za ndizi tu, na nani huishia kipande kimoja? Kwa 5.6, ndizi ipumzike. Kuna tufaa la Njombe: likunwe, uzito ule ule, potasiamu haifiki theluthi ya ile ya ndizi. Kakao ya Kyela, zabibu kavu na karanga visiingie.

Fosfeti, hata hivyo, imejificha kwenye bekingi pauda. Ile inayotiwa viwandani mwili huinyonya karibu yote, tofauti na iliyomo kiasili kwenye nafaka. Soma pakiti: ukiona herufi «phos», au E341, E450, E541, irudishe rafuni.

Mpikieni skonzi za hamira. Unga mweupe gramu 250 (siyo atta, yaani unga wa ngano usiokobolewa, ina fosfeti na potasiamu zaidi), hamira kijiko kimoja cha chai, sukari vijiko vitatu vya chakula, mafuta viwili, iliki, maji ya vuguvugu kama mililita 150. Chumvi ya kubana kwa vidole tu. Zinatoka 8, mbili zinamtosha. Wengi huharibu hapa: baridi ya Juni unga haupandi, mpishi anakosa subira, anaongeza bekingi pauda. Basi tumerudi kule kule! Funika bakuli, liweke karibu na jiko, subiri hata kwa muda wa saa mbili. Maji yasichome kidole, yataua hamira.

Kipimo kirudiwe mapema, na daktari aulizwe kuhusu dawa zake za presha, kwani baadhi hupandisha potasiamu. Akilegea misuli au moyo ukidunda ovyo, hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Mume wangu anasafishwa damu, anachoma insulini. Sukari ikishuka nimpe juisi ya chungwa au kipande cha keki?
Mama wa Iringa

JIBU: Vyote hapana. Chungwa lina potasiamu nyingi. Mafuta ya keki huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Sukari ya damu ikiwa chini ya 4 (mmol/L), koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ndogo ya maji, pima tena baada ya dakika 15. Maji hayo yahesabiwe kwenye kiasi chake cha siku. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na ikijirudia, mwone daktari apunguze dozi: figo zilizochoka huchelewa kuiondoa insulini mwilini.