Mkaguzi amenifungia chumba: je, nikate rufaa?

SWALI: Ndugu mshauri, pokea salamu zangu. Nina biashara ya kutengeneza na kupakia dawa za usafi: sabuni ya maji, dawa ya kuua vijidudu na dawa ya kusafishia vyoo. Tuko watu saba, mimi nikiwemo. Mwezi uliopita alikuja mkaguzi bila taarifa. Chumba cha nyuma alikifunga palepale kwa amri ya maandishi. Humo nilikuwa naweka mapipa ya klorini ya maji upande wa kushoto na ya asidi ya hidrokloriki upande wa kulia, yote yakiwa yamefungwa vizuri, na sakafu imeinamia mfereji wa katikati ili iwe rahisi kuosha. Kwa mambo mengine, yaani lebo, karatasi za taarifa za usalama na beseni la kukinga umwagikaji, amenipa siku 21. Mshindani wangu anafanya kazi hiihii na hajawahi kuguswa. Hizi sheria si za viwanda vikubwa? Na nikikata rufaa, naweza kuendelea kutumia chumba?
*Mwenye karakana*

JIBU: Ndugu yangu, naielewa hasira yako. Nimefanya ukaguzi miaka 19, na kabla ya hapo nilikuwa mtunza ghala, kwa hiyo nimesimama pande zote mbili za mlango huo. Lakini barua yako nimeirudia mara mbili kwa sababu ya mfereji uliotaja kwa kupita tu.

Pipa moja likitobolewa na uma wa foklifti na jingine likivuja kwenye kifuniko, vimiminika hivyo viwili vitakutana mferejini. Klorini ya maji ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu. Haipandi kwenda dirishani. Inatambaa chini na kujaa palepale ambapo mtu anainama kutazama kilichomwagika. Chumba kidogo chenye mlango mmoja hakimpi muda wa kufikiri.

Ndiyo maana mkaguzi alitoa karatasi mbili tofauti. Lebo iliyokosekana ni kosa, lakini inaweza kungoja siku 21 bila mtu kufa. Mfereji ule hauwezi kungoja. Mkaguzi anayejua kazi yake hupima kwanza kinachoweza kumuua mtu leo, kisha ndipo anafungua jalada la karatasi.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Miaka yangu ya mwanzo nilikuta ghala lenye pipa la asidi lililokuwa linatoa jasho kwenye mshono. Mwenye ghala alikuwa mtu mwema, alinisihi, na oda zake zilikuwa zimekaribia. Nilimwandikia siku 30. Wiki ya pili mshono uliachia. Kijana mmoja akaungua mguu kuanzia gotini kwenda chini, na alilazwa muda mrefu kuliko siku nilizotoa. Tangu hapo, kitu cha namna hiyo nikikikuta nakifunga siku hiyohiyo, hata nikilaumiwa.

Tazama yaliyotokea bandari ya Beirut tarehe 4 Agosti 2020. Tani 2,750 za nitrati ya amonia zilikuwa zimehifadhiwa pale tangu 2014. Maofisa wa forodha waliandika mahakamani zaidi ya mara moja wakiomba ziondolewe. Barua zilikuwepo, mzigo ukabaki mpaka ukalipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa.

Sasa rufaa. Haki hiyo unayo katika nchi nyingi, ila utaratibu hutofautiana, kwa hiyo soma mgongo wa notisi yako au mpelekee wakili. Nchini Uingereza, kwa mfano, chini ya sheria ya usalama kazini ya 1974, rufaa dhidi ya notisi ya kurekebisha huisimamisha notisi hiyo mpaka isikilizwe. Rufaa dhidi ya amri ya kusitisha, kama hiyo ya chumba chako, haiisimamishi, isipokuwa baraza linalosikiliza rufaa liamue hivyo. Ushauri wangu ni kwamba usipoteze fedha ya wakili kwa ajili ya chumba. Hamisha asidi iende chumba kingine chenye mfereji wake, au kisicho na mfereji kabisa, weka kila kundi ndani ya beseni lake, piga picha, kisha mwite mkaguzi arudi. Kwa ukubwa wa beseni, kipimo kinachotumika sana ni asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote vilivyomo. Amri za namna hii mara nyingi huondolewa haraka kuliko rufaa inavyopangiwa tarehe.

Kuhusu viwanda vikubwa, kidogo una haki. Gharama ya karatasi humlemea mdogo zaidi, kwani anayenunua mapipa matano anahitaji taarifa zilezile anazohitaji anayenunua elfu tano. Watunga sheria wanalijua hilo. Sheria ya kemikali ya Umoja wa Ulaya ya 2006 inamdai usajili mtengenezaji au mwagizaji kuanzia tani 1 kwa mwaka, na ripoti ya tathmini ya usalama kuanzia tani 10. Napenda mpangilio huo. Ila unahusu vipimo vya maabara na majalada. Kutenganisha asidi na klorini hakuna kiwango cha chini.

Karatasi za taarifa za usalama wala hukupaswa kuzitengeneza kwa malighafi unazonunua. Anayekuuzia ndiye mwenye wajibu huo, na umwandikie leo. Chini ya mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, karatasi hiyo ina sehemu 16 kwa mpangilio uleule popote. Wewe anza na ya 7, inayohusu uhifadhi, kisha ya 10, inayotaja vitu visivyopaswa kukutana. Ungeisoma ya 10 ya klorini yako, ungelikuta neno asidi limeandikwa pale. Sehemu ya 4 na ya 5, huduma ya kwanza na uzimaji moto, zibandike nje ya mlango, kwani zimamoto hawataingia kutafuta jalada ofisini kwako. Bidhaa unayochanganya na kuiuza kwa jina lako, hiyo sasa ni wajibu wako. Mtafute mkemia akuandalie karatasi na lebo yake.

Na mshindani wako? Wakaguzi ni wachache kuliko maghala. Huanza na wanaoshika kemikali za hatari zaidi, penye malalamiko, na penye ajali. Ukijua anaweka asidi kama ulivyoweka wewe, mwambie. Ana wafanyakazi kama wako.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 22, nafanya kazi ya kufungasha. Msimamizi anatuambia tumimine dawa ya kuondoa kutu kwenye chupa tupu za maji ya kunywa kwa ajili ya matumizi ya ndani. Nikikataa naogopa kufukuzwa.
*Mfungashaji*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usimimine.

Nilipokuwa ghalani, mwenzangu alitoka juani akachukua chupa iliyokuwa juu ya meza akanywa mafunda mawili. Ilikuwa dawa ya kutoa ukoko wa chokaa. Aliishi, lakini chakula kigumu hakikupita tena kooni mwake. Aliyeijaza chupa ile hakuwa na nia mbaya, na mpaka leo hajajisamehe.

Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1990, unalitaja jambo lako waziwazi: kemikali ikihamishiwa chombo kingine, mwajiri ahakikishe wafanyakazi wanajua ni nini, ina hatari gani na wajikinge vipi. Mkataba huohuo unampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, na asiadhibiwe isivyo haki kwa kufanya hivyo, ila amjulishe msimamizi mara moja. Si kila nchi imeuridhia, lakini nchi nyingi zina kanuni zinazofanana.

Usiende peke yako. Nendeni wawili au watatu, na mwende na suluhisho mkononi: chupa za rangi tofauti zenye lebo, zisizofanana na za kunywea, na zisitunzwe karibu na mahali mnapokula. Mambo mengi ya namna hii huishia hapo. Akikataa, andikeni tarehe, jina la dawa na aliyewaagiza, kisha mpelekeeni mwakilishi wa wafanyakazi au ofisi ya ukaguzi. Ofisi nyingi hupokea taarifa bila kumtaja mtoaji. Uliza hilo kwanza kabla hujatoa jina lako.

Na chupa zilizokwisha kujazwa, msizimwage mferejini kwa hofu. Ziandikeni leo, hata kwa kalamu nene: jina la dawa, neno HATARI, na SI YA KUNYWA.