Kwa nini "il faut que je fais" imekatwa?

Ndugu, umeuliza kwa nini mwalimu wa Kifaransa amekata "il faut que je fais". Mbona jibu unalo mdomoni! Husemi "lazima ninafanya", unasema "lazima nifanye". Ile -e ya mwisho ndiyo subjonctif yetu, yaani umbo la kitenzi linalofuata maneno kama "lazima". Kwa hiyo: il faut que je fasse.

Kuunda si kazi. Chukua umbo la "ils" (wao) la wakati uliopo, ils finissent, ondoa -ent, weka -e: que je finisse. Kwa nous (sisi) na vous (ninyi), tumia umbo lilelile la imparfait (wakati uliopita wa "tulikuwa tukinywa"): ils boivent hutoa que je boive, lakini que nous buvions. Vitenzi vikaidi (être, avoir, aller, faire, savoir, pouvoir, vouloir) kariri tu; mimi niliviimba nikiosha vyombo.

Mtego uko kwenye hisia. Sisi husema "nafurahi kwamba upo", bila -e yoyote, ila Mfaransa anadai je suis content que tu sois là. Hapo Kiswahili hakikusaidii. "Natumaini atakuja" haina shida: j'espère qu'il viendra, kama kwetu.